Matuta ya Shaba

Machi 11

Mvua imeanza. Niliisikia kwanza kwenye mabati ya karakana, ikigonga kidogokidogo kama mgeni asiye na hakika kama ndiyo nyumba yenyewe, halafu ikamwagika yote. Nilikuwa nimekwenda kufagia. Tangu tumzike mke wangu nakwenda kufagia pale hata kama hakuna kilichochafuka.

Sijamaliza chumba cha mbele, maji yakaanza kushuka ukutani, palepale alipobandika chapa yake ya mwisho, picha ya uso wake mwenyewe. Ndiyo peke yake aliyowahi kuitoa kutoka kwenye bamba la shaba alilolichora, ya kujaribia tu. Nilidhani nikiibandua upesi nitaiokoa. Karatasi ilikuwa imeshakunywa maji. Nusu ikabaki ukutani, nusu mkononi mwangu: sikio na bega.

Makucha aliingia akanikuta nimesimama hivyo. Tunamwita Makucha kwa sababu kucha zake hazijawahi kuwa nyeupe. Anachapa picha kwenye meza ya pili, yeye na asidi yake ya kuchimbia mabamba, na amefanya kazi bega kwa bega na mke wangu miaka mingi. Akasema, "Mzee Gurudumu, weka chini hicho. Weka chini." Gurudumu ni mimi. Jina nilipewa na mke wangu, maana kila nilipotoka kwenye stoo ya shule nilikoajiriwa, kazi yangu karakanani ilikuwa kumzungushia gurudumu la mashine.

Binti yetu anakuja mvua zikiisha. Mama yake alipofariki yeye alikuwa amelazwa huko ng'ambo, ametoka kupasuliwa, hata kuketi hawezi. Hakuwahi mazishi. Ameniomba kitu kimoja tu: "Baba, nitafutie sura ya Mama." Na sura haipo. Mke wangu akiona simu imenyanyuliwa alikuwa anaweka kiganja usoni. Tunazo picha nyingi sana za kiganja chake.

Machi 12

Inanyesha. Mama Mkwe ameniuliza mwanawe amekwenda wapi. Nikasema katoka.

Machi 15

Bamba lenyewe lipo, nimelikuta kwenye droo yake, limefungwa kwenye karatasi laini. Ni shaba, kubwa kidogo kuliko daftari la shule. Mke wangu hakutumia asidi. Alichukua sindano nene ya chuma, akaikamata kama kalamu, akaparuza. Sindano ikipita, shaba inachimbika na kutifuka kando, kama udongo kando ya jembe. Yeye aliyaita matuta. Ukipitisha kidole unayasikia, yanakwaruza. Hayo matuta ndiyo yanayoshika wino, na ndiyo yanayofanya mstari uwe mweusi na laini kama manyoya, si kama mstari wa kalamu.

Alijichora kwa kujitazama kwenye kioo cha kabati letu. Alikuwa na kidoa cheusi kwenye shavu la kushoto. Kiooni alikiona kushoto, akakiweka kushoto kwenye shaba. Lakini karatasi hugeuza. Kwenye chapa kidoa kinahamia kulia, pale nilipokiona mimi kila asubuhi tulipokaa kunywa chai tukitazamana. Aliniambia siku ile, sindano bado imechomekwa kwenye nywele, maana ndipo alipoihifadhi, "Kwenye shaba ni mimi ninavyojijua. Kwenye karatasi ni mimi unavyonijua wewe." Nikamwambia atafute kazi ya kueleweka. Akacheka.

Nimemwambia Makucha nataka kuchapa mwenyewe. Hakunicheka, na hilo lilinitisha.

"Sikiliza, mzee wangu. Asidi yangu inachimba shimo. Naweza kuchapa mpaka nizeeke. Hii ya shemeji imeparuzwa tu. Kila rola ya mashine ikipita inayakanyaga matuta. Utapata chapa saba, nane, halafu utabaki na kivuli."

"Na mimi sijui kupangusa wino. Itabidi nijifunze kwanza."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Unajifunzia juu yake."

Machi 19

Nimejaribu. Nililoweka karatasi, nikapasha bamba kwenye jiko la umeme ili wino ulegee, maana baridi hii imeufanya mgumu kama gundi. Nikaupaka kwa kipande cha kadi, nikaanza kuupangusa kwa shashi, kile kitambaa chepesi chenye matundu, nikiogopa. Nikalaza karatasi juu, nikafunika kwa blanketi za sufu, nikashika gurudumu.

Hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyokuwa mjinga. Miaka yote nilisimama upande wa gurudumu, na kupangusa kulifanyika upande wa pili wa meza. Nilikuwa naangalia dirishani. Nilikuwa nawaza chakula. Na yeye alikuwa ananiambia, "Taratibu, Bwana Gurudumu, hulimi shamba," nami nilidhani kazi yote ni hiyo, kuzungusha taratibu.

Chapa imetoka nyeusi tii. Kama mtu aliyesimama mlangoni usiku, taa iko nyuma yake. Kidoa kimepotelea gizani.

Machi 20

Mvua. Nimelala mchana.

Machi 27

Ya pili nikapangusa mno, ikatoka kama imepakwa maziwa. Ya tatu nikamwachia Makucha. Nilimbembeleza, hakutaka.

"Mimi napangusa kama mtu anayeosha sufuria," alisema. "Shemeji alimalizia kwa kiganja. Mkono mtupu, na chokaa kidogo. Ukimwangalia ungedhani anambembeleza mtoto alale."

"Chapa tu."

Akachapa. Imetoka safi, kila mstari umeonekana, na shavu linang'aa. Anafanana na mtu aliyekwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Tuliiangalia kwa muda. Makucha akasema, "Si nilikwambia? Huyu angekuja hapa ningemwita madam." Nilicheka, kisha nikatoka nje, mvua ikaninyeshea kidogo.

Nilikuwa namwona Makucha mtu wa mizaha tu, asiyejali. Leo nimemwona akipapasa pembe ya bamba kwa kidole kimoja, polepole, kuona matuta yamebaki kiasi gani. Alipogundua namwona akaondoa mkono, akaanza kunitania juu ya kofia yangu.

Aprili 2

Nimeleta zile chapa nyumbani zikauke, kwa sababu karakana imejaa ukungu. Hata kitasa cha mlango kina ukungu. Mama Mkwe akaiokota ile nyeusi.

"Huyu nani?"

"Ni mwanao, Mama."

"Mwanangu hawi mchafu hivi." Akaisogeza mbali, akaileta karibu. "Mmempaka masizi."

Anakaa nasi tangu macho na kumbukumbu vianze kumwacha. Nasema nasi. Anakaa nami. Kusema kweli majuma haya amenichosha. Kila asubuhi swali lilelile, na kila asubuhi namjibu katoka, karibu atarudi, na kila asubuhi anaitikia "haya" na kugeukia dirishani. Nilikuwa nadhani anaamini.

Lakini mambo ya zamani anayo yote. Leo akanisimulia kwamba mwanawe alipozaliwa, mkunga alikiona kidoa shavuni akadhani ni uchafu wa uzazi. Akalowesha kitambaa, akasugua, akasugua, mtoto analia. "Nikamwambia, wewe mama, utamchubua mwanangu. Hicho hakitoki. Hicho ni chake." Akacheka mpaka akashika ubavu. Nimeishi na kidoa kile miaka mingi, hadithi hii sikuwahi kuisikia.

Aprili 6

Mvua, mvua.

Aprili 10

Karibu nimpate! Nimeandika neno hilo kwa herufi kubwa kwenye ukingo wa gazeti nikalifuta.

Leo nilitupa shashi mapema nikamalizia kwa kiganja, kama alivyosema Makucha. Nilifumba macho. Mkono ukitelezea penye shaba tupu unahisi ubaridi, ukifika penye matuta unahisi kama ndevu zilizonyolewa jana. Nikaenda nayo hivyo, shingo, kidevu, chini ya jicho. Nilipofunua karatasi, jicho la kushoto lilikuwa lake. Si kufanana, lilikuwa lake, na ule uchovu wa jioni uliokuwa mle. Nywele zilikuwa nyeusi na laini, ungetaka kuzishika.

Ila blanketi moja ilikuwa na unyevu, ikajikunja ndani ya mashine bila mimi kuona. Mkunjo umepita katikati ya mdomo, kutoka shavu hadi shavu, mweupe.

Makucha akasema, "Umeshajua, mzee. Moja zaidi. Ngoja blanketi zikauke kabisa. Usikurupuke, bamba linayo moja nzuri bado. Labda mbili."

Binti amepiga simu. "Baba, umepata?" Nikamwambia, "Karibu nipate." Akasema, "Usijisumbue sana, hata kama haijapendeza." Sauti yake inaanza kuwa kama ya mama yake, hasa anapodanganya.

Paa la karakana sasa linavuja juu ya meza ya mke wangu. Nimeondoka na bamba, nimelifunga kwenye kitambaa chake cha kichwani, nimeliweka kwenye rafu ya jikoni, juu ya jiko la mkaa. Ndipo pakavu kuliko pote katika nyumba hii.

Aprili 13

Blanketi hazikauki.

Aprili 16

Hazikauki.

Aprili 18

Nilikwenda dukani kununua mkaa. Sikukaa sana. Nilipofungua mlango nilisikia jikoni mtu anaimba kwa pua, wimbo usio na maneno, kama wa kumwogeshea mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Njoo uone."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni mbele yake, bamba mapajani. Kando kulikuwa na bakuli la majivu ya jiko, nusu limau, na dodoki. Maji ya beseni yalikuwa na rangi ya kijivu. Shaba ilikuwa inang'aa kama jua la saa nne.

"Nimemwosha," akasema. "Mmeniachia mtoto na uso mchafu. Vumbi limemganda kila mahali, ukipitisha kidole linakwaruza kama magamba. Nimesugua mpaka mkono unauma. Sasa laini. Gusa."

Sikutaka kugusa. Akanishika mkono, akauweka mwenyewe. Nikapitisha kidole kwenye nywele, kwenye shingo, chini ya jicho. Laini. Laini kama sahani. Mistari ilikuwepo, mifereji ile myembamba, lakini matuta hayakuwepo. Hata moja. Yalikuwa ndani ya beseni.

Nilitoka nikasimama chini ya upenu. Ilikuwa inanyesha ile mvua ya kunyooka isiyo na upepo. Jirani alipita na mwavuli akanisalimu, nikaitikia vizuri kabisa, nikamuuliza na habari za watoto. Nilikuwa nataka kupiga kelele na sikujua nimpigie nani. Kumpigia kelele mzee wa macho mabovu aliyesugua? Mimi ndiye niliyeliweka pale kwa sababu pakavu. Mvua ndiyo iliyonifanya nitafute pakavu. Mvua haina masikio.

Nikarudi ndani. Alikuwa analifuta bamba kwa upindo wa kanga yake, akianzia kwenye paji la uso.

"Hujashukuru," akasema.

"Ahsante, Mama."

Akaendelea kufuta, kisha akasema, bila kuniangalia, "Siku ile walinikalisha kwenye kiti. Walisema watamwosha wao, mimi nipumzike, sina nguvu. Nikakaa. Nasikia maji yanamwagika chumba cha pili, nami nimekaa kwenye kiti. Mtoto wangu mwenyewe."

Nikabaki nimesimama na mfuko wa mkaa mkononi. Kwa hiyo anajua. Kila asubuhi nilipomwambia katoka, alijua. Labda si kila asubuhi. Labda inakuja na kuondoka, kama maji ya bomba letu. Lakini aliitikia "haya" na kugeukia dirishani ili mimi nisione haya kwa uongo wangu.

Nikachukua beseni, nikashindwa kulimwaga. Lipo chini ya meza mpaka sasa ninapoandika.

Aprili 19

Sina la kuandika.

Aprili 21

Asubuhi hakuuliza. Nami sikusema katoka. Tulikunywa chai.

Aprili 24

Nimempelekea Makucha bamba. Alilipokea, akaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kwa ubavu. Nilisubiri mzaha. Aligeuka akaanza kutafuta kopo la wino kwenye rafu, na kopo lilikuwa mbele yake mezani, na alitafuta muda mrefu.

"Mtu anaweza kuyarudisha matuta?" nikauliza.

"Kwa sindano, mstari kwa mstari. Lakini mkono utakuwa wa huyo mtu. Hautakuwa uso wake tena, utakuwa uso wa mtu anayemwigiza."

Tukachapa hivyo hivyo. Imetoka mistari mitupu, hafifu, kama nywele zilizoanguka kwenye karatasi. Giza lote limekwenda. Uchovu wa jicho umekwenda. Nilipofika nyumbani Mama Mkwe akaishika karibu na pua yake, akaitazama, akaitazama.

"Huyu ndiye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa alipoanza shule."

Na mimi sikumjua wakati huo. Nilimkuta mtu mzima. Nikaangalia tena nikaona kweli, ni msichana.

"Kidoa kimekwenda wapi?" akauliza.

Mke wangu alikifanya kidoa kile kwa kusimamisha sindano na kuizungusha mahali pamoja. Kilikuwa karibu chote tuta. Nikamwambia sijui.

Mei 3

Mvua inapungua. Binti amepiga simu, tiketi anayo. Habari ya bamba sikumwambia.

Mei 11

Amefika. Amekonda, anatembea ameshika tumbo upande wa mshono. Nilimtandazia chapa zote kitandani: ile nyeusi, ya maziwa, ya kitambulisho, yenye mkunjo, na hii ya nywele zilizoanguka. Alipiga magoti kando ya kitanda kama mtu anayetafuta kitu chini yake.

"Ipi ni Mama?"

Nikasema, "Zote kidogo."

Akaomba bamba. Akalipapasa. Amekulia chini ya meza za karakana ile, anajua bamba la mama yake linavyokuwa. "Nani kafanya hivi, Baba?"

"Mvua," nikasema.

"Ni mimi," akasema bibi yake kutoka kwenye kiti. "Mimi nilimwosha. Mnataka kusema sikumwosha vizuri?"

Binti akaniangalia, akanisoma. Akaenda akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi yake. "Umemwosha vizuri, Bibi," akasema. "Ametakata."

Mei 14

Leo hakukunyesha. Binti alitaka tuchape moja pamoja kabla hajaondoka, na Bibi akataka kuja. Tukamkalisha karibu na mashine, blanketi begani. Makucha alikuwa ametoka kutafuta fundi wa mabati.

"Baba, nikirudishe kidoa tu," binti akasema. "Mengine niyaache yalivyo. Kidoa si mchoro, ni nukta. Nukta haina mwandiko." Sindano ya mama yake ilikuwa mkononi mwake. "Kiko wapi hasa?"

"Shavu hili," nikasema, nikaweka kidole upande wa kulia wa bamba. Sikufikiri hata kidogo. Kama kuna kitu nilichobaki nacho ni hicho. Miaka yote ile ya chai, nakijua kilipo. Naye akalinganisha na chapa yenye mkunjo aliyoiweka kando, ikakubaliana nami, kulia. Akasimamisha sindano, akazungusha, akauma ulimi kama mama yake. Tuta dogo likatifuka. Nililigusa. Lilikwaruza.

Nikapangusa kwa kiganja. Nikashika gurudumu. Bibi akasema "taratibu," sijui alilipata wapi neno hilo. Makucha aliingia wakati binti anainua karatasi kwa pembe mbili, akatazama karatasi, akatazama bamba, akaweka mikono kichwani.

"Upande! Nyie watu! Mmoja kazungusha mashine miaka yote, mwingine kazaliwa chini ya meza, hamjui kwamba karatasi inageuza?"

Kidoa kilikuwa kushoto. Cheusi, laini kama manyoya, kitu pekee cheusi kwenye uso ule mwembamba. Shavu la upande usio wake.

Binti alifunika mdomo. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha ikawa vyote. Mimi nikakaa kwenye kigoda cha mke wangu. Hata hili. Hata nukta moja tumeshindwa kumfanyia.

Halafu karatasi ilipoanza kukauka nikaona kwenye shavu la kulia kuna kitu. Kijivu, hafifu sana, kishimo kilichobaki baada ya majivu na limau. Kulia, pale nilipokiona mimi nikinywa chai. Na kushoto, cheusi, pale alipokiona yeye kiooni kila siku ya maisha yake akichana nywele. Upande huo sikuwahi kumtazama. Nisingeweza. Mtu hawezi kusimama mahali mwenzake anapojitazamia.

Sikuwaambia. Binti alikuwa anampelekea Bibi karatasi aione. Mama Mkwe akaishika karibu na pua. Akalowesha kidole gumba kwa mate, kama anavyofutwa mtoto kabla ya kutoka nyumbani, akakipeleka kwenye kile cheusi. Wino ulikuwa mbichi. Hakuna aliyenyoosha mkono kumzuia, mimi wa kwanza.

Kidole kikasimama juu ya shavu, hakijagusa.

"Hiki hakitoki," akasema, akamrudishia binti karatasi.